Waya wa Boti Juu ya Msitu

"Huyu hata kamba ya kuanikia nguo hawezi kuifunga ikashika." Hayo ni maneno ya shangazi yangu, mwenye gesti ya vyumba vitano pale Mwandiga, na aliyasema mbele ya wapangaji wake huku mimi nimekaa hapo hapo nakula ugali wake. Mwalimu mstaafu, jirani yetu Gungu, alisema nimekwenda ng'ambo kusomea kuning'inia, kazi ambayo nyani anaifanya bila cheti. Na mzee mmoja fundi wa boti kule Ujiji alisema nikiweza kumpitisha mtu angani kwa waya, yeye atavuka ziwa kwa miguu. Nayaandika maneno yao kama yalivyokuwa, kwa sababu baadaye wote watatu walizoea kusimulia kwamba wao ndio walionitia moyo.

Nilikuwa nimerudi kutoka Kuba na stashahada ya ufundi mitambo. Kigoma ilikuwa ile ya miaka ya wakimbizi. Wakongo walifika kwa boti, Warundi kwa miguu, na nyuma yao yakafika magari meupe yenye antena ndefu kuliko akili za waliomo. Kila kijana aliyejua Kiingereza cha kuombea maji alipewa redio ya kuning'iniza kiunoni, akaanza kutembea kama aliyezaliwa nayo. Wenzangu wa sekondari walikuwa wakihesabu mablanketi. Waliniambia niandike barua ya kuomba kazi, nami nikakataa. Sikuvuka bahari kwenda kuhesabu kitu ambacho mtu wa darasa la nne angekihesabu vizuri zaidi, tena bila kuondoka na kimoja.

Mimi nilikuwa na jambo langu. Huko Kuba, wakati wa likizo, chuo kilitupeleka milimani kwenye msitu mnene. Walikuwa wamefunga waya wa chuma kutoka mti hadi mti, juu kabisa, na mtu anafungwa mikanda, ananing'inizwa kwenye kapi, anaachiwa. Wenzangu walipiga kelele kama mbuzi wa sikukuu. Mimi nilifumbua macho. Niliona majani kwa juu, upande ambao jua linauona kila siku na sisi hatuuoni. Ndege aliruka chini ya miguu yangu. Kapi liliimba, nikakaza glavu ya ngozi kwenye waya nyuma ya kichwa changu, nikasimama taratibu kama mtu anayeshuka kitandani. Usiku ule nilichora kila kitu kwenye daftari, na vipimo vyake.

Sasa tazama Kigoma yetu. Wageni wa mashirika walikuwa na Jumamosi na hawakuwa na pa kuipeleka. Walikaa ufukweni wakanywa bia, wakaungua pua, wakarudi. Na kaskazini ya mji, mwendo wa saa moja kwa boti, lilikuwapo bonde lenye miti mirefu inayoshikana vichwa, maji yanapita chini hadi ziwani. Wao waliuita msitu wa mvua. Sisi tuliuita msitu tu. Mvua inanyesha hata kwenye mihogo. Miaka yote watu wetu waliliangalia bonde lile wakaona kuni. Serikali ya kijiji iliniruhusu kufunga waya kwa mwezi mmoja, huku wajumbe wakicheka.

Sikuwa na waya. Mwenye waya alikuwa yule mzee wa Ujiji, mita mia na ushee za chuma kilichosukwa, aliotumia kuvutia boti nchi kavu ili azitengeneze. Nilimwamkia kwa heshima zote.

"Marahaba, Bwana Diploma. Umekuja kuniomba mti wa kupanda?"

"Waya, mzee."

Alicheka mpaka akashika ubao. Kisha akafikiri. Dagaa huvuliwa kwa taa siku za giza. Mwezi ukiwa mkubwa hawaifuati taa, wavuvi wanakaa nchi kavu, na ndipo boti zao zinapovutwa zitengenezwe. Siku za giza waya wake ulikuwa umelala tu.

"Chukua," akasema. "Mbalamwezi ikinikuta bila waya, watu sita hapa hawali. Kwa hiyo uniachie kitu kinachokuuma."

"Sina kitu, mzee."

"Unacho. Unatembea nacho kwapani."

Nikamwachia stashahada yangu. Nilimwona akiikunja mara mbili, karatasi yenye mhuri wa moto, akaitia kwenye kopo la misumari.

Shangazi alinikopesha magodoro yake matano ya sufi, ya kufunga kwenye mti wa mwisho. "Vyumba vyangu vinalala wazi kwa ajili yako," akasema. "Likichanika moja, utalala wewe mahali pake na wageni watakulalia." Fundi cherehani mmoja Mkongo, mkimbizi aliyekuwa akishona chini ya varanda ya duka Gungu, alinishonea mikanda kwa ile ya kufungia mizigo, akanikopesha kazi yake yote. Huyu pekee hakunicheka. Aliuliza tu uzito wa mtu mzima, akashona mshono mara nne.

Jumamosi iliyokuwa ikija, mwezi ungekuwa umebakiza siku nne kuwa mpevu. Nilimwalika mama mmoja mzungu, mkuu wa shirika, aje na wenzake Jumamosi. Wakipenda na kulipia miezi mitatu mbele, ningeagiza waya wangu. Wasipopenda, waya unarudi Ujiji, magodoro Mwandiga, na mimi kwenye mablanketi.

Ijumaa waya ulikuwa bado umelazwa chini, nimeusafisha kwa mafuta ya taa mpaka ukang'aa kijivu. Nilipanda mtini kufunga jukwaa. Mzee wa Ujiji alikuja na vijana wake kuangalia mali yake, akaondoka kabla sijashuka. Jioni tulipoukaza niliuona una wekundu. Nikadhani kutu. Mimi, mwenye alama za juu za vyuma, nilidhani kutu.

Jumamosi walikuja wageni kumi na mmoja na kofia zao. Na Kigoma nayo ilikuja, maana aibu ya mtu haikosi wasindikizaji: mwalimu mstaafu na karanga zake, shangazi na mwavuli, mzee wa Ujiji na kanzu safi kama anakwenda harusini.

"Mwanangu," shangazi akaniita kutoka chini, "umeacha wosia?"

"Magodoro ni yako!" nikamjibu, nikajiachia.

Kapi halikuimba. Lilipita kimya, kwa kasi ambayo haikuwamo kwenye daftari langu. Majani yalinipita kama yamefutwa. Nikakaza glavu nyuma ya kichwa. Glavu ikateleza kama inashika samaki. Nikaileta puani. Mawese! Yule mzee aliupaka waya mawese kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa sababu Ujiji kitu chochote kinachotakiwa kuteleza hupakwa mawese, magogo ya kuvutia boti, bawaba, hata pete iliyokwama kidoleni. Hakuna aliyemwambia kwamba waya huu ulitakiwa uteleze na pia ukatae kuteleza. Hakuuliza. Nami sikuuliza wekundu ule ni wa nini.

Niliingia kwenye magodoro matano, nikatoka na mawili. Sufi ilijaa hewani kama mvua ya theluji niliyowahi kuiona kwenye picha. Mbavu zilinilia.

Halafu wageni wakapiga makofi. Watu wenye shahada mbili mbili, wanaolisha maelfu, walidhani sufi ni sehemu ya mchezo. Yule mama alikuwa akirukaruka na kuuliza kama naye atapata manyoya. Sikuwasahihisha. Niliufuta waya kwa majivu na magunia, mita kwa mita, nikiwa nimebana mbavu kwa mkono mmoja, nikawapitisha wote kumi na mmoja hadi saa kumi, glavu ikishika ilivyopaswa kushika. Walilipia miezi mitatu pale pale jukwaani. Mwalimu alimaliza karanga zake akaondoka bila kuaga.

Jumapili nililala. Jumatatu, mwezi ukiwa bado una upungufu wa siku mbili, nilikodi boti nikawazungukia wote. Mkongo nilimlipa na nikamwagiza mikanda mingine kumi. Shangazi nilimshushia magodoro matano mapya ya sponji. Akayabonyeza moja moja akitafuta kasoro, akakosa, akasema yale ya sufi yalikuwa na baraka. Mwisho nikafika Ujiji na waya, umeviringwa vizuri kuliko alivyonipa.

Mzee akamwaga kopo la misumari, akanikunjulia stashahada. Karibu na mhuri pana alama ya kidole gumba, nyekundu, ya mawese. Haijatoka mpaka leo.

"Ulisema siwezi, mzee," nikamwambia.

"Na hukuweza," akajibu, akianza kuupaka waya wake mafuta upya. "Ulitelezeshwa."

Nikaibana karatasi yangu kwapani nikaondoka. Ziwa lilikuwa limetulia, nikamwonyesha kwa kidole: "Basi anza kuvuka."