Maoni ya Kwanza Kusikizwa

Lokwang wa Ngaremara alikuwa mtu wa kubetua midomo. Tangu kaunti zilipoanza, mikutano Isiolo ilizidi mvua, naye alisimamia vijana wa Njambi, mfanyabiashara wa kukodisha mahema na viti, ambaye wote walimwita Mama Ivy. Leo ofisi hii imeita wananchi watoe maoni kuhusu maji, kesho shirika lile kuhusu soko la mifugo. Watu wakishakula na kuondoka, Lokwang alikuta yale makaratasi ya maoni chini ya viti, mengine yamefutiwa mafuta ya nyama. Basi aliyajua maoni.

Siku moja Mama Ivy alikaa nyuma ya semina akingojea viti vyake, akasikia kwamba biashara hukua pale mwenyewe anaposikiza wafanyakazi. Jumatatu akawakusanya uani.

"Kuanzia leo, kila Jumatatu, mtu ataingia stoo peke yake aniambie tubadilishe nini. Nitakachokubali nitakitangaza hapa. Aliyekisema sitamtaja."

Lokwang akacheka kwa pua. "Mama Ivy, hata sisi umetufanya wananchi?"

Wenzake walicheka, lakini waliingia. Zamu yake ilipofika alisimama mlangoni tu. "Maoni yangu ni kwamba lori limechelewa," akasema, akageuka. Atabo, kijana wa kupigilia vigingi, alikaa ndani mpaka Lokwang akamwita kwa kejeli, "Ulienda kuungama?" Jecinta, aliyeshona na kufua maturubai, naye alikaa sana.

Safari ilikuwa ya Garbatulla. Lokwang alikaa mbele na Felix, dereva, kama kawaida yake. Wengine walipanda juu ya viti, kwenye vumbi. Walipofika, alishushiwa kiti cha kwanza, akakiweka kivulini, akaanza kuelekeza kwa fimbo.

"Vuta huko. Atabo, hiyo kamba ni ya kufunga mbuzi? Na hao wenye maoni, mbona hamna nguvu?"

Jumatatu iliyofuata Mama Ivy alisimama mbele yao.

"Nimeambiwa mengi. Jambo moja limeletwa na watu kadhaa, kila mtu kivyake. Hatutakuwa tena na msimamizi mmoja. Mwezi huu ni Jecinta. Na anayesimamia hakalii kiti mpaka hema lisimame."

Lokwang alingoja Mama Ivy acheke. Hakucheka.

"Nani amesema hayo?"

"Nilisema sitamtaja. Kwani ni uongo?"

Akamtazama Felix. Felix alikuwa ameinama, anakagua gurudumu ambalo halikuwa na shida yoyote. Atabo alikunja kamba iliyokwisha kukunjwa.

Lokwang alimfuata Mama Ivy stoo, mara hii akaingia mpaka ndani. "Naacha kazi."

"Hayo ni maoni, ama unaacha kweli?"

Hakuwa ametarajia kuulizwa. Alikumbuka Ngaremara, wanaume waliokaa kando ya barabara kuu wakingojea mtu asimame anunue makaa.

"Ni maoni," akasema.

"Sawa. Nitayafikiria, nikujibu Jumatatu."

Safari ya Korbesa, Jecinta alikaa mbele. Lokwang alipanda juu ya viti, akala vumbi la njia nzima, na kila alipofungua mdomo kudharau jambo, vumbi lilimjaa. Walipofika, Jecinta alimpa nyundo, bila maneno mengi. Alipigilia vigingi mpaka viganja vikatoka malengelenge, wala hakuna aliyemcheka, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Aliporudi nyumbani alimlalamikia mkewe, Akaale, chakula kikiwa bado mekoni. Alisema dunia imeharibika. Kwamba mtu ambaye hajawahi kusikizwa ni hatari, ukimsikiza siku moja tu anakuangusha.

"Walisema nini hasa?" Akaale akauliza.

"Eti nakaa tu, naamrisha watu."

Akaale alikoroga sufuria, akaonja, akaongeza chumvi.

"Kumbe na kazini pia," akasema.