Mhoma, aliyeifuta ripoti yake mwenyewe

Haijaniingia akilini bado. Mhoma tumemzika jana alasiri, kijijini kwao Mvouni. Juzi jioni moyo ulisimama akipanda ngazi za chuo, mkononi ana karatasi za mitihani ya wanafunzi wake.

Wafuasi wangu wa Dar na Unguja hamkumjua. Kazi yake ilikuwa kusoma kumbukumbu ambazo kompyuta hujiwekea yenyewe: programu gani ilifunguliwa, mara ngapi, na mara ya mwisho lini. Mtu hufuta barua aliyoiandika, hajui kwamba mashine imebaki na habari zake.

Kumhoji ilikuwa kazi. Deadline imenibana, namuuliza, "Kwa hiyo fulani ndiye aliyeifungua?"

"Nimekuambia ilifunguliwa. Huyo fulani umemleta wewe."

Nikinuna, anacheka. "Mwandishi, una haraka kama muuza samaki wa soko la Volo Volo jua likishakuwa kali."

Mara moja haraka ilimshika yeye. Ndiyo ninayoiandika leo, kwa sababu mwenyewe hakuwahi kuificha.

Ilikuwa miezi ile kisiwa cha Anzuani kilipojitenga na nchi yetu, na boti kati ya Moroni na Mutsamudu, mji wao mkuu, zikasimama. Hapa Moroni, mtu wa Mutsamudu akifungua mdomo dukani, lafudhi yake ilitosha watu kunyamaza.

Vipeperushi vya kuunga mkono kujitenga vikaokotwa sokoni. Nakala ya kimoja ikakutwa ndani ya kompyuta ya ofisi moja ya mizigo. Ofisi hiyo ilikuwa na karani mmoja tu wa Mutsamudu, jina lake Humadi. Polisi wakamkamata.

Mhoma akaletewa diski peke yake, imeshachomolewa kwenye mashine. Aliomba siku nne, akapewa moja. Kumbukumbu zilisema programu ya kupangia kurasa, iliyotengenezea kipeperushi, ilifunguliwa mara ya mwisho Alhamisi, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Akaandika hivyo, akatia saini.

Alhamisi ile asubuhi Humadi alikuwa peke yake ofisini. Mimi nikaitangaza ripoti redioni.

Wiki mbili na siku kadhaa baadaye Mhoma akaenda ofisini kurudisha diski. Akaifunga kwenye mashine, akawasha. Skrini ikaonyesha tarehe ya miaka mitano nyuma.

Mama anayefagia ofisi akamwona ameduwaa. "Usihangaike, mwanangu. Hiyo umeme ukikatika inasahau siku. Anayewahi kufika asubuhi ndiye anayeiwekea."

"Anaitoa wapi, mama?"

"Kwenye kalenda ya ukutani. Akiwa hana miwani, anakisia."

Betri ndogo inayotunza saa ya mashine ilikuwa imekufa zamani. Ile Alhamisi ilikuwa Alhamisi ya kompyuta. Yetu ilikuwa siku gani, hakuna aliyeweza kusema. Mhoma alikuwa hajauliza saa ya mashine ilisemaje, swali ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kuliuliza.

Alikuja kwangu mchana uleule, hakuketi. "Tangaza kwamba nimekosea."

Nikamwambia asubiri kidogo, hali ilivyo watamwita msaliti.

"Kuna mtu ndani," akasema. "Tangaza."

Akaandika barua ya kuifuta ripoti yake, akaipeleka polisi kwa miguu yake. Kesho yake Humadi akaachiwa. Mhoma hawakumwita tena kwa kazi hiyo miaka mingi. Walimwita msaliti kweli, wengine wa kwao Mvouni.

Humadi alipotoka alikuta habari inamngoja. Mama yake alikuwa amefariki hospitalini Hombo, Mutsamudu, siku sita kabla. Kuvuka asingeweza, boti hazikuwepo. Simu zilikuwepo.

Boti zilipoanza tena, tulikwenda Mutsamudu, mimi na Mhoma. Alitapika njia nzima. Humadi alitufungulia mlango, akabaki amesimama hapohapo. Mhoma akaeleza yote: betri, kalenda, na alichoshindwa kuuliza. Hakusema kwamba alipewa siku moja. Mimi nilitaka kusema, akanishika mkono.

"Umemaliza?" Humadi akauliza.

"Nimemaliza."

"Mama alikuwa akiwaambia wauguzi, mwanangu ana kazi nyingi, ndiyo maana hapigi." Akatutazama mmoja mmoja. "Haya. Nendeni, boti isiwaache."

Tangu hapo, kila Idi Mhoma alimpigia. Humadi alipokea, akaitika salamu, akakata. Mhoma aliniambia neno moja tu: "Amepokea."

Jana asubuhi nilimpigia Humadi mimi. Sikutaka akutane na habari hii mtandaoni, katikati ya picha za watu. Nilipomweleza, akauliza:

"Mnazika saa ngapi?"

"Baada ya alasiri."

"Siwahi." Akavuta pumzi. "Kaka, wakiwaomba watu wamwie radhi marehemu, sema na neno langu. Sema kwa sauti, taja na jina."

Nikasema. Nilisimama baada ya ndugu wa Mhoma, nikatamka: Humadi wa Mutsamudu amemwia radhi. Waliokuwa pale wengi hawakujua Humadi ni nani. Vijana wa chuo walitazamana. Mjane wa Mhoma alipofikishiwa maneno hayo ndani, nimeambiwa, aliomba arudiwe mara ya pili.

Neno lake limekuja siku moja baada yako, Mhoma. Ningetoa chochote ulisikie kwa simu, kwa sauti yake, siku ya Idi.

Lala sasa, ndugu yangu. Amekusamehe.