Shikamoo Chini ya Ngazi

Wenyewe walikiita kiwanda kipya, ingawa mashine zilikuwa zilezile na sisi walewale, ila wachache. Serikali ilipokiuza kile kiwanda cha nguo pale Themi, mwekezaji alianza kwa kupunguza watu, kisha akapaka geti rangi. Ngazi hakuigusa. Raba za miguu yake zilikuwa zimelika na sakafu ilikuwa na mafuta, kwa hiyo mafundi tulijiwekea sharti: wa chini haachii mpaka wa juu aseme, "Nimeshuka."

Siku ile nilikuwa juu, narudisha mkanda wa mashine. Chini alishika rafiki yangu, Mchaga aliyelelewa akaleleka. Ndipo baba akaingia. Alikuwa ameteremka kutoka Nkoaranga kuniletea ndizi, na mlinzi alimruhusu kwa kuwa ni mzee. Akamwendea rafiki yangu moja kwa moja, anacheka, mkono ameunyoosha.

Kwetu mzee akikunyooshea mkono huwezi kumwacha nao hewani. Unaupokea kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko, na kichwa unainamisha. Nilisikia, "Shikamoo, baba," nikasikia, "Marahaba, mwanangu," halafu ngazi ikateleza.

Nyonga yangu ilivunjika, ikaunga vibaya. Rafiki yangu alilia wodini, akamweleza baba lile sharti letu, mpaka nikamkemea anyamaze. Sikumlaumu. Angefanyaje? Niliyemchukia ni mwekezaji, na bado namchukia.

Lakini baba! Tangu siku ile hakumpa mtu mkono. Kanisani, msibani, hata kwa wajukuu, aliitikia marahaba mikono ikiwa ndani ya mifuko ya koti. Watu walisema mzee ameota mapembe. Mimi nilichechemea hadi mbele yake kila nilipopanda kumsalimia, nikainamisha kichwa, nikasubiri. Niliogopa sana kwamba atakufa kabla hajanigusa tena. Na mpaka leo, nikisikia shikamoo nyuma yangu, mikono yangu inatafuta kitu cha kushika.

Mwisho aliugua, akalazwa. Nilisimama kando ya kitanda chake.

"Shikamoo, baba."

Aliiangalia miguu yangu pale sakafuni, mmoja kisha mwingine.

"Umeshuka?"

"Nimeshuka, baba."

Ndipo akautoa mkono chini ya blanketi.