Rangi ya Garimoshi la Baba

Kutoka Arua mpaka Koboko hakuna gereji inayopuliza rangi gari kama yangu, na hilo simwombi mtu anithibitishie. Shule niliiacha darasa la nne. Leo walimu wananiletea magari yao, nao hungoja nje kwenye benchi kama watu wengine. Kwa hiyo mama aliponiambia nimtengenezee garimoshi dogo, nilicheka. Bati ninalo, mikono ninayo, shida iko wapi?

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Baba alikuwa mchochea moto kwenye injini za mvuke zilizokuwa zikifika Pakwach. Vita vilipokuja tulikimbia, mimi nikiwa mgongoni mwa mama, na baba akapotelea ng'ambo ya mpaka. Hakuna aliyeona kaburi. Kwetu Ludara roho ya mtu wa namna hiyo hukaa nje ya boma mpaka kizikwe kitu chake. Cha baba hakikubaki hata kifungo. Wazee wakasema basi, uzikwe mfano wa kazi yake, ila mfano usidanganye, baba asije akaupita bila kuujua. Siku ikapangwa. Tangu hapo mama akawa analala bila kutia komeo mlangoni.

"Amefika barabarani," aliniambia. "Anatafuta nyumba."

Mambo ya baba huyasema kwa Kiswahili, lugha ya kota za reli walikoishi. Mengine yote huyasema kwa lugha ya nyumbani.

Injini niliimaliza, ndefu kama mkono wangu, na bomba lake la moshi, na magurudumu yanayozunguka. Ilibaki rangi tu, na rangi ndiyo inayonilisha. Hapo nikakwama. Mzee mmoja wa Pakwach alisema nyeusi. Mwenzake akamrukia: "Nyeusi ni masizi, wewe! Ilikuwa kijani." Picha ya zamani niliyoonyeshwa haikuwa na rangi yoyote. Mama naye alisema, "Jina lake sina. Nikiiona nitaijua."

Ndipo Mkongomani mmoja anayeuza vyuma chakavu hapa Arua akanionyesha kipande cha tangi la maji la injini, kizito, chenye misumari ya ribiti mikubwa kama vidole gumba. Alikuwa anakitumia kuzuia mlango.

"Papa, hii iko ya treni kabisa. Ilitoka Pakwach."

"Utaapa?"

"Naapa na bibi yangu!"

"Bibi gani? Yule alikukimbia?"

Alicheka mpaka akakaa chini. "Mutu mubaya wewe! Beba chuma yako, enda."

Sasa, sisi wa gereji tuna njia yetu. Gari likija limepakwa rangi juu ya rangi, unasugua mahali padogo kwa msasa, polepole, mpaka pafunguke jicho: duara ndani ya duara, kila duara rangi moja. Ya ndani kabisa ndiyo gari lilizaliwa nayo. Kwenye magari, chini yake kuna praima ya kijivu, ile ya kutanguliza kabla ya rangi, na hiyo naitambua hata nikifumba macho. Kwenye tangi hapakuwa na kijivu. Katikati palikuwa na wekundu wa tofali, umeshikana na chuma. Juu yake rangi fulani iliyochujuka, imekuwa kama vumbi, sikuijali. Nikasema, hii nyekundu ndiyo yenyewe. Nikaichanganya mpaka jicho lako lisingetofautisha.

Nilipoanza kupuliza, gereji ilinuka moshi wa makaa ya mawe. Arua hakuna anayechoma makaa ya mawe. Nilizima mashine, nikatoka nje, nikazunguka jengo zima. Nilikuta mbuzi tu.

Mazishi yalikuwa yamebaki siku moja. Nikapeleka injini Ludara, na kile chuma nikakibeba kama shahidi. Mama aliitazama injini bila kuigusa.

"Hii nini?"

"Ni ya baba, mama. Nimefika mpaka chini kabisa."

"Umefika chini mno. Hiyo ni nguo ya ndani. Nimeziona injini zikivuliwa na kupakwa upya pale kota, nyekundu hiyo kwanza, rangi yenyewe juu yake. Unataka kumzika baba yako na nguo ya ndani?"

Wanawake waliokuwa wakichambua mchele walianguka kwa kicheko. Mimi, ambaye nimepaka nusu ya magari ya wilaya hii! Mama hakucheka. Aliona siku inampita, na yule aliyefika barabarani ataachwa palepale. Akaniomba chuma. Akatema mate kwenye kidole gumba, akasugua lile duara la vumbi nililolidharau. Vumbi likanywa mate. Chini ya kidole chake ikatoka rangi nzito, ya ini la mbuzi lililokatwa sasa hivi. Akaondoa mkono haraka kama aliyeungua.

"Huyu," alisema. Hakusema "hii".

Nilirudi Arua na injini kwa pikipiki jua likiwaka, chuma nimekifunga kwa kitambaa chenye maji kisikauke. Nyekundu, nyeusi, tone la buluu. Safari hii nililinganisha mbichi na mbichi, rangi yangu kabla haijakauka na ile ya chuma ikiwa imelowa. Siwezi kusema nilichanganya peke yangu. Kila nilipotaka kuongeza nyekundu, mkono ulikuwa mzito, nami nikautii.

Asubuhi ya mazishi niliirudisha Ludara, kaburi lilikuwa wazi, dogo kama la mtoto. Baba mdogo alinyoosha mikono apokee injini, mama akamtangulia. Aliipakata, akapitisha kidole ubavuni mwake.

"Umekonda," aliiambia. "Ulikuwa unakula wapi?"

Sauti ile sijawahi kuisikia. Ilikuwa ya msichana. Akacheka kidogo, akainama akanong'ona nyuma ya injini, pale anaposimama mchochea moto, kisha akatega sikio kama anayesikiliza jibu. Nilirudi nyuma, nikawarudisha na wengine wote, maana maneno yale hayakuwa ya mtoto kusikia.