Silinda Zinazolala

Watu walimwita Sikio. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho tu; hata mkewe akimletea chakula gereji aliuliza, "Sikio yuko chini ya gari gani leo?" Ufundi wake ulikuwa huo. Alichukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka juu ya injini, mpini akaugandamiza sikioni, kisha akafumba macho kama mtu anayesinzia kwenye mkutano. Akiyafumbua, anakutajia ugonjwa. Lakini kuongea hakukuwa kazi yake. Mteja akianza kumsifu, aliinama kutafuta spana ambayo wala haikupotea.

Kaka yake mkubwa ndiye aliyechukua maneno yote ya nyumba ile. Baba yao alipofariki waliuza kiwanja alichowaachia, wakanunua pikapu kubwa ya silinda nane, iliyotumika tayari. Walipatana kaka aendeshe, mdogo aitunze. Kila asubuhi kaka alizunguka kwa wafugaji kukusanya maziwa na kuyawahisha kiwandani kabla hayajaganda. Familia mbili zilikula kutokana na gari lile.

Siku za mwanzo kaka alimpitia. "Panda, mdogo wangu, umsikie bibi harusi anavyoimba."

Barabara iliponyooka na kaka akalegeza mguu, Sikio alikaa wima. Mngurumo ulikuwa umepungua, umekuwa mzito. Silinda nne hazikuwa kazini. Walipofika kwenye mwinuko, zikarudi zote.

"Hii gari inaumwa, kaka."

"Inaumwa na inakimbia hivi?"

"Nusu ya injini inakufa, halafu inafufuka."

Kaka alicheka, lakini alimwamini, maana hakuwahi kumwona mdogo wake akikosea. Pikapu ikaingia gereji. Sikio aliifungua injini yote, akaipanga chini kipande kimoja kimoja juu ya turubai, akakagua, akasafisha, akakagua tena. Hakuona kitu. Wafugaji wakaanza kumwaga maziwa, wengine wakatafuta gari jingine. Mwishowe kaka alichoka kusubiri, akaleta fundi kutoka gereji kubwa ya mjini.

Yule mtu aliongea kwa upole. "Injini hizi zimeundwa hivi, ndugu yangu. Gari likienda bila kutumia nguvu nyingi, injini inazima silinda nne ili kubana mafuta. Ukikanyaga zinaamka. Hazifi hizi, zinalala tu."

Sikio aliitikia kwa kichwa. Mpiga rangi wa magari pale gereji ndiye aliyeharibu. "Kumbe Sikio kampasua mtu aliyelala usingizi!" Gereji nzima ikaangua kicheko, na aliyecheka kwa sauti kuliko wote alikuwa kaka. Tangu hapo haikupita siku bila mtu kumwita: "Sikio, mke wangu akilala anakoroma, nimlete umfungue?" Kaka naye alikisimulia kisa hicho kila alipopakia maziwa. Hakuwa na ubaya. Alipenda tu watu wacheke.

Sikio aliifunga injini, ikarudi barabarani. Bisibisi ndefu akaitundika ukutani.

Ulipita kama mwaka. Asubuhi moja kaka alisimama gereji kujaza upepo, akaacha injini ikinguruma. Sikio alichuchumaa kwenye tairi la mbele na mpira wa upepo mkononi, akasikia mlio. Ulikuwa mdogo na mkavu, kama msumari unaogongwa juu ya bati, upande wa zile silinda zinazolala. Gari lilikuwa limesimama. Wakati huo zote zilipaswa kuwa macho. Kuna moja haikuamka. Kichuma kinachosukuma valvu kilikuwa kimenasa, na kikiachwa hivyo kitakula shafti inayokisukuma, kisha injini nzima.

Alisimama, akafungua mdomo.

Kaka alitoa kichwa dirishani. "Vipi, daktari? Zimelala au zimekufa?"

Mpiga rangi alicheka hadi akaweka brashi chini.

"Upepo umetosha," Sikio alisema.

Wiki chache baadaye injini ilivunjika kwenye mlima, pikapu ikiwa imejaa madumu ya maziwa. Ilivutwa kwa kamba mpaka gereji, maziwa yakinuka. Sikio alilegeza nati ya chini, oili ikamwagika kwenye beseni ikimetameta vumbi la chuma. Haikuwa injini ya kufufua, na ili kununua nyingine hawakuwa na kiwanja kingine cha kuuza.

Kaka alitazama beseni. "Ile siku ya upepo ulichelewa sana kwenye tairi."

"Ndiyo."

"Ulisikia kitu."

"Nilisikia."

"Sasa kwa nini usiniambie, mdogo wangu?"

Sikio alikuwa na mvi ndevuni na wajukuu nyumbani, lakini maneno yaliyomtoka yalikuwa ya mtoto. "Niliogopa mtanicheka."

Kaka akaanza kushusha madumu, moja moja, akayamwaga mtaroni mwenyewe, akakataa kusaidiwa.

Pikapu iliuzwa kwa wanunuzi wa vyuma. Kaka alipata kazi ya kuendesha lori la mtu mwingine, mbali, na akipiga simu huulizia afya za watoto, basi. Sikio bado yuko gereji. Siku hizi anasema kila anachokisikia, hata kile ambacho hana uhakika nacho, haraka haraka na kwa kigugumizi, kwa watu asiowajua. Wengine wanacheka. Anawaacha wacheke, anarudia tena.