Fizi za Binti Yangu

Mtoto wangu wa kwanza alikufa asubuhi, kabla hajajua kutambaa. Nilimkuta mwili umepoa, macho yamegeuka, bado anapumua. Akatetemeka kidogo, akanyamaza. Watu wa boma la mume wangu, kule Rangwe upande wa Homa Bay, walisema ni malaria. Tulimzika, na mama mkwe akaniambia nisilie sana, mwanamke kijana huzaa tena.

Nikazaa tena. Safari hii ilikuwa binti, mweusi kuliko mimi na baba yake. Sisi Wajaluo weusi hautushtui, lakini huu ulikuwa wa namna yake. Fizi zilikuwa kama zimepakwa masizi, na mistari ya viganja vilevile, na vifundo vya vidole. Mama mkwe alimpanua mdomo kwa kidole, akatazama, akajifuta kidole kwenye leso.

"Nyar Sakwa," akaniita, yaani binti wa Sakwa, kwa kuwa wake huitwa kwa nchi walikotoka, nami nimetoka Awendo, katika nchi ya Sakwa. "Huyu umemtoa wapi?"

Mume wangu akacheka tu. Alikuwa mwalimu wa baiolojia katika shule ya sekondari. Nilidhani anamcheka mama yake.

Binti akakua kwa shida. Homa ndogo ilimlaza siku nyingi. Akikawia kula asubuhi, shingo ililegea na macho yakaanza kugeuka, kama ya kaka yake. Nilijifunza kwamba uji wenye sukari nyingi ulimrudisha. Hospitalini walimpa dawa ya malaria kila tulipokwenda.

Alipokuwa anaanza kusema maneno mawili matatu, mama mkwe aliamua kwamba hiyo ni chira, laana ya mwiko uliovunjwa, na kwamba mvunjaji ni mimi. Akaita watu wa maombi. Boma zima lilifunga kula tangu jioni, mtoto naye. Asubuhi, wimbo ukiendelea, niliona shingo inalegea. Nikakimbia jikoni, nikarudi na kikombe cha uji. Dada wa mume wangu alinipokonya, akaumwaga mbele yangu.

"Anayetaka uji si mtoto," akasema. "Ni hicho kilichomo ndani yake."

"Atakufa!"

"Basi kitatoka naye."

Walinishika mikono. Mtoto akapata degedege mbele yetu sote, nao wakaimba kwa nguvu zaidi, wakisema pepo anapigana. Mume wangu alisimama mlangoni na Biblia yake. Waliponiachia, nilimtia sukari mdomoni kwa kidole. Alirudi, lakini si mzima kamili. Mguu wa kulia haukurudi, wala maneno yake.

Nilimbeba mgongoni nikaenda naye hospitali moja mjini Migori. Daktari alikuwa mwanamke mgeni huku, asiyejua lugha yetu ya Dholuo, akasema nami Kiswahili. Alimtoboa kidole apime sukari, akamfunua mdomo, akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Kuna mwingine aliyekufa hivi?" Siku hiyohiyo akamwanzishia vidonge. Baada ya wiki chache mtoto alikuwa anaamka akidai chakula. Damu yake ilipelekwa mbali, pamoja na yangu na ya mume wangu.

Siku ya majibu tuliingia mimi, mume wangu na mtoto, mama mkwe akiwa nyuma yetu. Daktari alieleza taratibu. Juu ya figo kuna tezi inayotoa homoni ya kuushikilia mwili wakati wa njaa na ugonjwa. Ubongo huitumia amri, na amri hupokelewa na kipokezi kilicho juu ya seli. Kipokezi hicho hakifiki pale peke yake. Kuna protini ya kukisindikiza na kukifanya kisikie, na jeni inayotengeneza protini hiyo ndiyo iliyoharibika kwa binti yangu. Amri inafika, hakuna wa kuipokea. Ubongo unazidi kutuma, na hiyo homoni yake ya amri, ikizidi, ndiyo inayotia ngozi na fizi weusi.

"Jeni hii mbovu amepata moja kwa mama na moja kwa baba," akasema. "Ninyi wenyewe hamuugui, kwa sababu kila mmoja ana nyingine nzima. Hakuna wa kulaumiwa. Vidonge hivi ndivyo homoni inayokosekana; akipata homa, mpe mara mbili."

Kiswahili cha mama mkwe kilikuwa cha sokoni. Alisikia neno moja.

Jioni ile wazee wa boma walikaa. Mama mkwe akasimama. "Daktari mwenyewe amesema," akawaambia. "Ana jini. Limetoka kwa mama."

Nilimgeukia mume wangu. "Waambie. Wewe unaifundisha darasani. Waambie daktari amesema nini."

Alitazama viatu vyake. "Mama ameshasema," akajibu.

Niliondoka na mtoto na vidonge vyake. Nilipofika kwetu, baba yangu aliniambia nje ya mlango kwamba kwa mila binti aliyeolewa haruhusiwi kulala tena katika boma la mama yake, nikapanga chumba Awendo, kando ya barabara ya malori ya miwa.

Mume wangu alioa mwingine. Alikuja kwangu mara moja tu, mke huyo akiwa na mimba. Alinong'ona ingawa tulikuwa peke yetu.

"Yule daktari anaweza kumpima mtoto akiwa tumboni?"

"Mpeleke mke wako, apimwe yeye kwanza. Kama hana jeni hiyo mbovu, mtoto hataugua."

"Mama asijue."

Binti alikuwa ameketi kitandani, mguu wake umenyooshwa. Alimwangalia mwanamume yule muda wote. Baba yake hakumwangalia.

Mtoto wao alizaliwa na fizi nyekundu. Jirani mmoja wa Rangwe alinisimulia sherehe ya shukrani kanisani. Mama mkwe alishuhudia kwamba jini limetoka bomani pamoja na mwenye jini, watu wakapiga makofi, mume wangu akiwa kiti cha mbele, naye akapiga.

Wiki hiyo binti yangu alikuwa amelala kitandani kwa homa, nami nilikuwa nikimpa vidonge mara mbili ya kawaida, kama nilivyofundishwa.