Nilivyoshuka Kihonda Kuufuata Wimbo wa Mwali

Nilishuka mjini kwa sababu ya wimbo. Mjukuu wangu Yustina alipokuja kurekodi hadithi zetu za Uluguru, nilimwimbia na wimbo wa mwali, ule anaofundishwa binti akiwa ndani, ambao mwanamume hapaswi kuusikia. Juzi akapiga simu: hadithi na wimbo vitaonyeshwa vyote mjini, waje wake kwa waume. Nikafunga khanga.

Asubuhi niliteremka kwa miguu hadi Mlali, kabichi zikiwa bado na umande. Pale nikapanda gari la mboga, nikaketi mbele na dereva.

Kihonda, pale mjini, nilifika jua limeshakuwa kali. Yustina na mwenzake wa kazi Festo wamepanga chumba nyuma ya mashine ya kusaga. Wakanipa shikamoo, wakanipa chai.

"Bibi, tazama kwanza, ndipo ugombe," akasema Yustina.

Akanivika miwani mikubwa ya kutazamia picha walizorekodi, ikaziba macho na masikio. Nikajikuta jikoni kwangu. Nikigeuka, milima ile pale. Dada yangu Leokadia, ambaye siku hizi hatoki kitandani, ameketi anachambua mboga. Nikanyoosha mkono nimguse, nikapiga ukuta. Sitadanganya, nilipenda.

Kisha wimbo ukaanza. Nikavua.

"Festo, huu umeusikia?"

"Kila siku, bibi. Mimi ndiye niliyesafisha sauti."

"Basi umeshachezwa unyago. Tukutafutie mume."

Akacheka, akaona sicheki, akaacha.

Yustina ndiye aliyejibu. "Mliobaki kuujua ni wewe na bibi Leokadia. Nikiufuta, mkiondoka nao je?"

Nikanywa chai, nikaitazama ile miwani. Anayevaa hufunikwa, wa pembeni haoni wala hasikii. Mwali naye tunamfunika khanga hivyohivyo.

"Uutoe kote, ubaki kwenye miwani moja tu. Itunzwe na wanawake, na atakayevaa aketi na mmoja wetu wa kumweleza maana."

"Mimi mwenyewe sijui maana, bibi."

"Ungejua usingempa Festo."

Jioni nilipanda mlima na Yustina, kabeba miwani. Kwa Leokadia tuliwatoa wanaume nje, tukamvika palepale kitandani. Akaanza kuitikia, sauti nyembamba lakini yake. Katikati akaukatiza.

"Hapa umeruka ubeti," akaniambia.

Kweli nilikuwa nimeruka. Miwani imetunza wimbo pamoja na kosa langu, na isingenisahihisha hata milele. Hilo ndilo nililojifunza.

Leokadia akauimba ubeti ule. Yustina akatoa simu arekodi.

"Weka chini," nikamwambia. "Kwanza imba."